Mzee Aliyekuwa Ndani ya Kioo cha Ramesh

Nyawira, mama,

Katika mji wa Nyeri hakuna mtu amezika watu wengi kama mimi, na katika hao wote hakuna hata mmoja aliyerudi kulalamika. Miaka ishirini na saba naandika programu za mazishi, zile karatasi zenye picha zinazogawiwa kanisani. Nimewasindikiza wazee wa kanisa, walevi, walimu, na wake wawili wa mume mmoja ndani ya wiki moja, na sijawahi kukosea jina wala picha. Mtu akitaka kufa vizuri, anakuja kwangu.

Sasa geuza karatasi hii uangalie upande wa pili.

Umemwona? Huyo ni Mzee Gichuki wa Tetu na kofia yake, anacheka, na juu ya kofia imeandikwa kwamba tunasherehekea maisha yake. Mzee Gichuki yuko hai. Jumamosi alikuwa sokoni anauza viazi na kuibia watu kwenye kipimo. Kwa hivyo hayo ya kutokosea picha ni uongo, na wewe ulijua ni uongo kabla hata sijaweka nukta, lakini mtu lazima aanzie mahali. Walinirudishia karatasi mia mbili zilizobaki na sikuona haja ya kuzitupa. Nitaandika nyuma yake mpaka niishiwe na maneno, au niishiwe na Gichuki.

Saa hizi ni jioni. Wewe uko Othaya kumuaga shangazi yako, ambaye atakupa maombi marefu na kuku mmoja, na nakushauri umshike sana huyo kuku. Mimi nimefunga mlango wa duka nusu ili watu wafikirie niko karibu kutoka. Kesho unaenda Timau kukaa kwenye ofisi ya shamba la maua uandike waridi ngapi zimetoka na ngapi zimebaki. Sikuambii ubebe sweta, Timau itakuambia yenyewe ukishuka. Sikuambii habari za wanaume. Mama yako alikwisha kukuambia, na mimi ndiye mwanamume aliyetumiwa kama mfano.

Nataka kuongea habari ya kompyuta.

Najua utasema, baba, usiku wa mwisho na unaniandikia habari ya kompyuta? Subiri. Wewe umebeba jina la mama aliyenizaa, na ndiyo sababu umenigombeza tangu ukiwa na meno mawili na mimi nikanyamaza. Leo ninyamazie wewe kidogo.

Siku ile ya programu ya Tetu ulikuwa umeenda Timau kuhojiwa. Watoto wa marehemu walinitumia picha mbili kwa simu, moja ya Mzee Wahome aliyekufa, ya kuweka mbele, na nyingine ya Gichuki ndugu yake, ya kuweka ndani pale ndugu wanaposema maneno yao. Hapo ndipo huwa unakuja nyuma yangu, unaangalia mara moja, unasema, "Sawa, chapa." Siku hiyo hakukuwa na mtu nyuma yangu. Nilijiambia sawa, nikachapa.

Hadithi unayoijua ni ile niliyokuambia nikicheka, kwamba Gichuki alifungua karatasi kanisani akajikuta amekufa. Sikukuambia alivyokuja hapa kesho yake. Alisimama mlangoni na fimbo.

"Wewe ndiye umeniua?"

"Karibu, mzee. Kaa chini."

"Nikae vipi na mimi ni marehemu? Mke wangu ameangalia karatasi, akaniangalia, akaniuliza mbele ya watu, 'Baba Wanjohi, kwani niko nimekaa na nani?'"

"Ni hii mashine, mzee. Imezeeka. Kioo kimefifia, siku hizi nyuso zote zinafanana."

"Zinafanana! Wahome alikuwa na sura ya mbuzi tangu tuzaliwe!"

Nikacheka, na yeye akacheka, na nikajua nimepona. Halafu akaketi kwenye ile benchi, akatoa kitambaa, akajifuta uso muda mrefu sana. Akasema, "Lakini hakuna karatasi hata moja iliyo na uso wake. Watu walibeba yangu wakaenda nayo nyumbani. Watoto wa hawa watoto wataona hiyo karatasi wafikirie aliyezikwa ni mimi, na Wahome hakuwahi kuwepo."

Tulichapa upya bure, wewe na mimi, unakumbuka, na ulibeba mzigo mwenyewe hadi Tetu. Lakini watu hawawezi kurudi kanisani mara ya pili kumzika mtu mmoja.

Na mimi nikalaumu mashine. Niliilaumu mbele ya Gichuki, mbele yako, hata mbele ya pasta. Kwa sababu unaniamini, na hiyo ni tabia mbaya uliyotoa kwa mama yako, ulisema, "Baba, hiyo kompyuta imekuaibisha vya kutosha. Twende kwa Ramesh."

Ramesh unamjua, lakini hujui kwamba baba yake ndiye aliyeniuzia redio yangu ya kwanza, na yeye mwenyewe taipureta ya kwanza, kwenye duka lile lile, chini ya picha ile ile ya mungu wao yenye maua shingoni. Yule mtu ameniona na nywele. Tukaingia. Ulikuwa umeshaichagua, kompyuta mpya ya mezani, nyembamba, kioo kinang'aa kama sufuria ya bibi harusi. Ukasema, "Baba, kaa hapo uone."

Nikakaa. Nikaona mzee.

Nikasema, kwa ile sauti yangu ya kusikika hadi barabarani, "Hii sasa ndiyo picha! Angalia huyo mzee! Hata makunyanzi unaweza kuhesabu. Si kama ile yetu ya giza. Huyu ni marehemu wa wapi?"



Ramesh akasema polepole, "Mzee, bado sijawasha."

Ulicheka mpaka ukashika meza. Mke wa kijana wake, aliyekuwa akiandika risiti, alicheka akaacha kalamu ianguke. Mimi ni mwepesi, unanijua, nilivua kofia, na yule mzee akavua yake, nikamwambia, "Pole kwa msiba, bwana." Ukasema, "Baba, wewe utaniua." Na hadithi hiyo umeipeleka mpaka Othaya, na kesho utaipeleka Timau, na watu wa maua watacheka.

Ramesh peke yake ndiye hakucheka.

Mama, sikuwa nafanya mzaha. Nilidhani ni picha. Na makunyanzi sikuyaona. Niliyasema tu, kwa sababu mzee lazima awe nayo.

Haya, nimesema. Imenichukua karatasi saba za Gichuki kufika hapa.

Sasa unajua kwa nini naandika na hii kalamu nene ya kuandikia makatoni, maneno matano kwa mstari, na kwa nini mistari inapanda kama njia ya Othaya. Katikati ya kila kitu kuna kitu kama moshi. Nikiangalia mtu usoni, uso unaondoka. Nikiangalia kando yake, unarudi kidogo. Tangu mwaka jana nimekuwa nikiongea na sikio lako la kushoto. Wakati mmoja uliniambia kwa hasira, "Baba, niangalie nikikuongelesha!" nikakujibu kwamba wewe si sinema. Ulienda ukafunga mlango kwa nguvu. Lakini nilikuwa nakuangalia. Sikuwa na njia nyingine ya kukuona.

Utauliza nimefanyaje kazi. Kompyuta yetu naijua vile mtu anajua choo cha kwake gizani. Vile vipicha vidogo vya kufungulia navijua kwa kuhesabu, cha tatu kutoka juu ni kuandika, cha tano ni picha. Kwenye kibodi kuna yale matone matatu ya rangi ya kucha ambayo mama yako aliweka alipokuwa ananifundisha, mahali vidole vinapolala, na hayo nayapapasa. Na programu ya mazishi kila siku ni ile ile moja. Namfuta marehemu wa jana, namweka wa leo. Alizaliwa, alisoma, aliolewa, alijaliwa watoto, aliugua kwa muda mfupi. Majina naandika unavyonisomea wewe. Umekuwa ukinisomea majina mwaka mzima ukidhani ni uvivu wangu, na mimi nikakuacha udhani hivyo. Heri mvivu, nilijiambia.

Na ile siku niliyoenda Karatina kutafuta karatasi za bei nzuri, nikarudi bila karatasi? Nilienda kwa watu wa macho. Daktari alikuwa msichana wa rika lako, na mikono baridi. Akaniambia nyuma ya jicho kumechakaa, mzee, kilichoenda kimeenda, tutajaribu kushikilia kilichobaki. Nikamuuliza kama hawawezi kunipa la mbuzi. Hakucheka. Akaniuliza, "Nyumbani kuna mtu?" Nikasema yuko. Akaniambia nirudi baada ya mwezi mmoja, nije na huyo mtu.

Sikurudi, kwa sababu huyo mtu ni wewe, na wewe ulikuwa umeanza kuandika barua za kuomba kazi.

Kwa nini sikukuambia? Hapa sasa ndipo utanitukana, na kwa jina ulilobeba una haki.

Unakumbuka kazi ya Nanyuki, ile ya mapokezi hotelini? Walikuwa wamekuita uanze Jumatatu. Jumamosi nikashikwa na mgongo. Siku nane nililala kitandani nikilia kama ng'ombe anayezaa, na wewe ukanichua na ile dawa inayonuka, asubuhi na jioni, ukanilisha uji kwa kijiko. Wakampa mtu mwingine nafasi.

Mgongo ulikuwa mzima.

Ulikuwa mzima kuliko wako. Ulipokuwa ukitoka kununua maziwa nilikuwa naamka, najinyoosha, nakula mahindi ya kuchoma dirishani, na nikisikia viatu vyako kwenye ngazi naruka kitandani kama kijana. Siku ya tano nilisahau hindi mkononi. Nikalilalia. Ulinichua mgongo na mimi nimelalia hindi la moto tumboni, na ulipoona natoa machozi, wewe pia ukatoa.

Nilitaka kukuambia hii kama mzaha siku moja, mkiwa mmenizunguka na wajukuu. Lakini kila nikijaribu kuicheka nakumbuka kwamba usiku ulikuwa unafungua ile barua ya Nanyuki kuisoma tena.

Kwa hivyo wakati ugonjwa wa kweli ulikuja, nilikuwa nimeshatumia ule wa uongo. Ningekuambia nini? Nyawira, usiende, baba haoni? Siku ile ile umepata barua ya Timau? Hata mimi nisingejiamini. Na ungebaki. Hilo ndilo linaniogopesha kuliko giza. Ungesema sawa baba, ungefungua sanduku, urudishe nguo kwenye kabati, na usinilaumu hata siku moja, na miaka kumi baadaye ungekuwa bado unanisomea majina ya wafu.

Ngoja nikuambie jambo lingine, nimalize yote leo.

Mama yako aliponiambia mara ya kwanza kwamba ubavu unamuuma, alikuwa anaosha vyombo. Nikamwambia, "Ni ubavu wangu huo, Mungu anataka urudishwe." Akacheka. Mara ya pili nikamwambia apunguze uzito wa chuki anayonibebea. Akacheka. Baada ya hapo hakuniambia tena. Alikuwa anaenda kuketi nyuma ya nyumba kwenye lile gogo, na mimi nikadhani anapenda jua. Karibu mwaka mzima, mama. Tulipompeleka hospitali, alikuwa amebaki macho na meno.

Na programu yake niliandika mimi mwenyewe, hukunisaidia, ulikuwa huwezi kusimama. Nilipofika pale pa kuandika ugonjwa, vidole vyangu vikaandika vyenyewe: aliugua kwa muda mfupi. Nikaangalia. Wakati huo nilikuwa naona. Ningeweza kufuta. Nikaacha, nikachapa, watu wakasoma kanisani, na mjomba wako akanishika bega akasema heri hakuteseka sana.

Nimeandika maneno hayo mara nyingi kuliko jina langu. Muda mfupi ni ule ambao nyumba ilijua. Mwingine wote mtu anakaa nao peke yake kwenye gogo.

Na sasa gogo ni langu. Nimekuwa nikiketi juu yake, nikifanya mizaha, na wewe ukicheka na kufunga sanduku.

Kwa hivyo turudi kwa kompyuta, kwa sababu Ramesh anajiandaa kuileta. Ulimwambia ailete kesho saa nne, wewe ukiwa umeshaondoka, na aichukue ile ya zamani aende nayo. Ulifikiri ni zawadi. Ni zawadi, najua umejinyima nini. Lakini tangu siku ile sijalala, na nitakuambia ni kwa nini.

Nikibaki na ile ya zamani, hakuna atakayejua. Nitahesabu vipicha vyangu, nitapapasa matone ya mama yako, nitasema skrini ni mbovu, na watu wa Nyeri wataniamini kwa sababu wanaiona jinsi ilivyo. Ile mashine ndiyo nguo yangu. Ukiichukua nabaki uchi. Lakini mwezi ujao nitamzika mwingine bila uso. Au nitaandika jina la mjane mahali pa marehemu. Na huyo hatakuja na fimbo akicheka.

Ile mpya sijui kitu chake hata kimoja kiko wapi. Nikiiketia mbele ya mteja, dakika ya kwanza tu nimekwisha. Kile kioo kinaonyesha mlango, taa, kofia yangu, na maandishi hayaonekani ng'o. Mke wa kijana wa Ramesh anasema kuna mahali unabonyeza na herufi zinakuwa kubwa kama za kibao cha duka, na kingine unabonyeza na mashine inakusomea kwa sauti. Nilimuuliza kwa ujanja, kana kwamba ni kwa rafiki yangu fulani. Akanionyesha. Ile sauti ilisoma jina lako kama mtu anayetapika polepole. Ya kwetu haiwezi hayo, ukijaribu inakohoa na kuzima. Lakini kufundishwa lazima mtu akae karibu yangu, na nimwambie kwa nini. Mimi, niliyejenga jina lote kwa kucheka watu, niseme kwa mdomo wangu, samahani, sioni.

Nimeichukua simu mara nne leo nimpigie Ramesh, nikairudisha. Niliketi hapa kwenye kiti nikafunga macho nijaribu itakuwaje, nikasikia duka lote, friji ya jirani, viatu vya watu kwenye ngazi, na kila viatu nikawaza ni vyako. Nikaogopa kama mtoto, Nyawira. Nikafungua macho na tofauti haikuwa kubwa.

Usiende.

Hapo, nimeandika. Nimeandika kwa herufi kubwa na hii kalamu haifutiki. Nilikuwa nimekusudia kuichana karatasi hiyo lakini nitaiacha, ujue baba yako ni mtu wa aina gani saa kumi na mbili jioni. Sasa chukua karatasi inayofuata.

Nenda.

Hiyo pia nimeandika mimi, na imenichukua muda mrefu kuliko ile nyingine.

Baada ya kuandika hayo mawili nilimpigia Ramesh.

Nikamwambia, "Ile kompyuta usilete saa nne. Lete saa moja."

"Saa moja sijafungua, mzee."

"Basi fungua. Msichana anaondoka saa mbili."

Nilisikia anafunga mlango, halafu akasema, "Umemwambia?"

"Nimwambie nini?"

"Mzee. Mimi nauza vioo miaka arobaini. Watu wanasifu, wanatukana, wanataka punguzo. Wewe peke yako umesifu kioo imezimwa."

Sikuwa na mzaha. Nilitafuta mmoja nikakosa.

Akasema, "Baba yangu miaka yake ya mwisho alikuwa anaongea na sikio yangu. Nilifikiri ni kiburi. Wewe ukija hapa kwangu unaongea na sikio yangu."

Basi nikamwambia yote. Ramesh! Mtu ambaye nimemdanganya bei tangu tukiwa vijana. Na unajua alijibu nini? Kwamba mke wa kijana wake atakuja dukani Jumanne na Alhamisi asubuhi kunifundisha, lakini niwe na adabu kwa sababu hana subira. Nikamwambia mimi sina adabu. Akasema, "Basi mtafaana." Akaniambia pia kwamba nikuambie kabla hujapanda gari, na nisipokuambia mimi, atakuambia yeye akileta mashine. Kwa hivyo usifikirie barua hii ni ushujaa. Nimesukumwa.

Ile ya zamani hatachukua. Nimemwambia aiache chini ya meza, hata kama haitawashwa tena. Na kibodi ya mama yako haiendi popote. Anasema itaingia kwenye mpya, waya ni ule ule. Karatina nitarudi. Najua ahadi zangu unazipima vipi tangu habari ya mgongo, basi usiniamini, mpigie Ramesh umuulize.

Kama utabaki nitakuchukia kwa dakika tano na kukushukuru kwa maisha yangu yote, na hiyo ndiyo hatari, kwa hivyo usibaki. Ukikasirika, kasirika ukiwa njiani. Timau kuna baridi, hasira itakupa joto. Na ukirudi mwisho wa mwezi uje na hiyo hasira kama bado iko, tutaila na chai.

Barua hii nitaiweka juu ya sanduku lako, uipate asubuhi ukiinua. Sitakuwa chumbani. Nitakuwa dukani, nimevaa koti la kanisani, nangoja mashine.

Sasa kuna jambo ninalokudai.

Ulipokuwa darasa la sita ulipanda juu ya mashine ya fotokopi hapa dukani, ukalaza shavu kwenye kioo ili utoe nakala ya uso wako, na kioo kikapasuka. Mama yako alipoingia nilimwambia ni mimi niliyeweka pasi juu yake. Wiki nzima aliniita mjinga mbele ya wateja, na wewe ulikuwa unakaa pale pembeni unatafuna kola ya sare. Jioni ulikuja ukaninong'oneza, "Baba, nitakulipa siku moja." Ile nakala bado ninayo, ya shavu, pua imelala kama andazi. Ndiyo picha yako nzuri kuliko zote.

Hiyo siku moja imefika.

Kesho Ramesh akishaiweka mezani, kabla hajaiwasha, njoo usimame nyuma ya kiti changu kama kila siku. Usogee kushoto kidogo, hapo kando ndipo ninapoona. Usiseme kitu, na usilie, utanichafulia koti. Simama tu hapo mpaka nikuone ndani ya kile kioo, wewe na mimi na kofia, kikiwa bado cheusi. Nikiinua mkono, bonyeza swichi, chukua sanduku lako, na utoke kabla haijamaliza kuwaka.